Pikapu Iliyokaa Kama Imebeba

Wakonyo aliinuliwa kama gunia mbele ya soko zima la Karatina, siku ya Jumanne, saa nane mchana. Hamali mmoja alimshika makwapani, mwingine akamshika miguu, wakahesabu hadi tatu na kumtupa nyuma ya pikapu. Rinda lake lilinaswa kwenye ndoano ya turubai, likapanda hadi mapajani. Wanawake waliokuwa wakiuza viazi waligeuza nyuso kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. Hamali wa miguu alidai malipo ya kubeba mkungu mmoja wa ndizi. Kingori, mumewe, alilipa bila kubishana, akafunga mlango wa nyuma, akaendesha hadi Mukurweini.

Nyonga ya Wakonyo ilikuwa imevunjika alipoteleza na kikapu cha kahawa mgongoni, ikaunga vibaya. Mguu wa kushoto haukukunjika tena. Kiti cha mbele hakikumtosha, kwa hiyo alisafiri nyuma, ameunyosha mguu juu ya gunia lililojazwa majani makavu ya mgomba. Pikapu yenyewe ilikuwa Datsun ya kijani, waliyoinunua mwaka ule bei ya kahawa ilipopanda mpaka kila kilima kikang'aa mabati mapya. Kingori alibeba ndizi za majirani na kuzipeleka Karatina. Wakonyo aliuza ndizi zao sokoni. Chakula chao kilitoka hapo, na karo ya binti yao Ngendo, aliyekuwa shule ya bweni, ilitoka hapo.

Jioni ile Wakonyo alimenya viazi akisema kwamba hatakwenda sokoni tena. Hakulia. Alisema tu kwamba hataki kubebwa kama ndizi.

Kingori alitoka nje, akapima kwa kiganja chake kutoka ardhini hadi sakafu ya pikapu. Kisha alirudi jikoni, akamwomba mkewe asimame, akampima kutoka unyayoni hadi makalioni.

"Unanipima sanduku la kuzikiwa?" Wakonyo akauliza.

"Napima gari," Kingori akasema.

Peterson alikuwa na gereji nyuma ya soko, na kwa miaka yote aliyofanya kazi ya springi, kila mteja alimwomba ainue. Barabara zilikuwa za mawe na matope, mizigo ilikuwa mizito, na mtu mwenye akili aliongeza jani la springi, lile bapa la chuma, hakupunguza. Alimsikiliza Kingori mara mbili kabla ya kuamini. Alisema aliwahi kuona magari yaliyoshushwa huko Nairobi, ya vijana wa kishua, lakini si pikapu ya ndizi.

"Mke wangu hawezi kupanda," Kingori akamwambia. "Nataka akae mwenyewe, kama mtu anayekaa kwa kiti."

Peterson alipandisha gari kwenye jeki, akafungua springi za nyuma, akaondoa majani mawili kila upande. Kati ya springi na ekseli akaweka vipande vya chuma vyenye unene wa Biblia, akavikaza kwa bolti ndefu alizozipinda mwenyewe motoni. Mbele alilegeza vyuma vinavyoshikilia magurudumu. Kazi ilimchukua siku mbili. Aliposhusha jeki, gari lilizama, likaendelea kuzama, hasa upande wa nyuma, mpaka matairi yakaingia nusu ndani ya bodi. Peterson alifuta mikono.

"Ukiweka mzigo mzito tairi itasugua," akasema. "Na itakaa hivi kila siku. Hata ikiwa tupu, itakaa kama imebeba."

Kingori alisema hilo halina neno.

Siku ya kwanza Wakonyo alilisogelea gari kinyumenyume, akapapasa kwa mkono, akaketi juu ya ukingo wa sakafu. Miguu yake yote miwili ilikuwa bado imegusa ardhi. Alikaa pale dakika kadhaa, akipungwa na upepo, akiangalia kuku. Kisha akajisukuma ndani polepole, akavuta turubai mwenyewe. Kingori alisimama pembeni, mikono mfukoni, kwa sababu alikuwa ameambiwa asimguse.

Maneno hayakuanza siku moja. Ilikuwa Julai, katika miezi ile ambayo ukungu hushuka kutoka mlimani asubuhi na kukaa barabarani hadi saa tano. Watu waliokuwa wakipeleka maziwa waliona pikapu ya kijani ikipita, imelala nyuma, turubai limefungwa. Walijua Kingori huenda Karatina na mzigo. Lakini saa kumi waliiona ikirudi tupu, nayo ilikuwa imelala vilevile. Mama mmoja alisema alimwona mtoto wake akiipungia mkono kwa nyuma. Alipomuuliza anampungia nani, mtoto akasema, wale.

Halafu kulikuwa na ile sauti. Kwenye kona za Mukurweini, gari likiinama upande mmoja, tairi liligusa bodi na kutoa mlio mrefu, mzito, kama wa mtu mzima anayejizuia kulia. Kingori alijua ni mpira na bati. Alisimama mara nyingi, akachutama na kuona pale rangi ilipokwanguka. Lakini waliokuwa shambani, ambao hawakuona gari kwa ukungu, walisikia sauti tu ikipanda kilima.

Karatina, hamali walianza kumpunguzia mzigo. Alipeleka gari tupu kuchukua mbolea, nao wakaweka magunia manne, wakarudi nyuma.

"Bado sita," Kingori akawaambia.

"Hii gari imejaa, mzee," mmoja akasema.

"Imejaa nini? Angalia ndani."

Hamali hakuangalia ndani. Aliangalia matairi. "Mimi nabeba kila siku," akasema. "Gari yenye imejaa naijua."

Kwenye kizuizi cha polisi karibu na daraja, askari alimwambia afungue turubai. Alikuta ndoo moja na gunia la majani. Alibonyeza bodi kwa mikono miwili, nalo halikushuka hata kidogo. Akabonyeza tena, kwa uzito wake wote. Kisha akajipangusa viganja kwenye suruali na kumruhusu aende. Hakuomba leseni wala kitu kingine, na Kingori, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kupita pale bure, aliondoka na noti ya hongo ikiwa bado kiganjani.

Majirani waliacha kumpa ndizi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sababu yake ya adabu. Jumapili, mzee wa kanisa alimwomba aegeshe mbali kidogo na mlango, ati akina mama wanaogopa kupita pale. Wakonyo alishuka mbali, akatembea na fimbo yake katikati ya watu walioacha njia pana kuliko ilivyohitajika.

Siku ile, baada ya kanisa, alimwambia mumewe warudishe springi.

"Nitainuliwa," akasema. "Nimezoea. Ngendo hatafukuzwa shule kwa sababu ya makalio yangu."

Kingori alikataa. Wakonyo aliona jinsi alivyokataa, haraka mno, macho yakiwa chini, akashangaa. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa, naye alimjua kuwa mtu anayebadilisha nia kirahisi. Alimuuliza kama kuna jambo. Kingori akasema gari ni lake na litakaa anavyotaka.

Jumatano asubuhi Magdaline alikuja. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, aliyeishi peke yake upande wa pili wa mto, mwenye kahawa kidogo na mbuzi watatu. Hakuwahi kuingia boma lile hata siku moja, ingawa walikutana naye dukani na kwenye mazishi. Alikuwa amevaa koti la mvua la mwanamume na kubeba kiondo, kikapu cha kusukwa, kisicho na kitu. Alizunguka pikapu mara moja, akaigusa kwa nyuma, kisha akaketi kwenye kigoda alichopewa mlangoni. Chai alikataa.

"Kingori," akasema, "nimekuja kuuliza kitu."

Kingori alikuwa amesimama. Wakonyo aliona mkono wake ukishika mwimo wa mlango.

"Wiki iliyopita nilikuwa barabarani, nikaona gari yako inapita kwa ukungu. Imelala nyuma. Nikakumbuka ile ingine, Landrova ya walinzi. Ilikuwa inakaa hivi asubuhi ile, kwa sababu ya mzigo. Na wewe ulikuwa umesimama juu, umeshika chuma. Ulikuwa na shati ya shule."

Wakonyo aliweka sufuria chini.

"Miaka ishirini na tatu tunanunua chumvi duka moja," Magdaline akaendelea, kwa sauti ileile ya kawaida. "Sikukuuliza. Ulikuwa mtoto, na wale walikuwa na bunduki. Lakini nilipoona gari, nikasema, mtu anayefanya gari yake ikae hivyo, anataka kuulizwa. Kijana wangu Gicheru ulimshusha wapi?"

Kingori alisema aliishusha pikapu kwa ajili ya mguu wa mkewe. Alianza kueleza habari za majani ya springi na vyuma vya Peterson, akaeleza kirefu, kisha akayaacha maelezo hayo katikati. Alikaa chini kwenye kizingiti, hapo hapo miguuni pa yule mama, akaeleza mengine.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali ya mkoloni walimchukua njiani akitoka shule, yeye na mwingine ambaye alishafariki, kwa sababu walitaka mikono. Wakati ule akina mama wa vijiji vyote walikuwa wakichimbishwa handaki ukingoni mwa msitu, juu ya Othaya, refu na lenye mianzi iliyochongwa chini, ili wapiganaji wa msituni wasishuke kutafuta chakula. Magdaline alikuwa miongoni mwa wachimbaji. Gicheru alijaribu kuvuka alfajiri, mahali ambapo mama yake alikuwa amechimba jana yake. Wengine walijaribu naye. Kingori alipakia watu kumi na mmoja waliokufa asubuhi ile. Aliambiwa awashike miguu.

"Walisema tukiongea tutapandishwa na sisi," akasema. "Halafu uhuru ulipokuja, nikasema, nitamwambia nani? Nianzie wapi?"

"Wapi, Kingori," Magdaline akauliza.

"Nyuma ya kituo cha walinzi. Kulikuwa na shimo. Siku hizi kuna banda la kupimia chai."

Mama yule aliinamisha kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia na sasa anaipitia akilini. Wakonyo hakumtazama mumewe. Alitazama ukuta, akafikiria miaka kumi na tisa, na namna alivyokuwa akiamka na kumkuta mumewe ameshika vifundo vya miguu yake usingizini, kwa nguvu, naye akadhani ni mapenzi.

"Tutakupeleka leo," Wakonyo akasema. "Nitakaa na wewe nyuma."

Waliondoka saa nne. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Kingori aliwasha taa. Walipita Othaya bila kusimama, wakapanda kuelekea msituni, kahawa ikaisha na chai ikaanza, kijani kimoja pande zote, na juu yake weupe mtupu. Gari lilipanda vizuri. Halikusugua popote, na Kingori alipanda mlima wa mwisho kwa gia ya pili bila shida.

Banda la chai lilikuwa limefungwa. Siku ile haikuwa ya kupima. Kingori alisimamisha gari, akashuka, akabaki amesimama. Kila kitu kilikuwa kimebadilika isipokuwa mteremko. Handaki lilikuwa limejaa udongo na magugu, likabaki kama mkunjo kwenye shavu la mlima. Alihesabu hatua kutoka kwenye mfereji, akapita nyuma ya banda, akapita miti mitano ya miwati, akafika mahali ambapo chai haikupandwa. Hakuna aliyekumbuka kwa nini haikupandwa. Nyasi pale zilikuwa fupi na laini, na zilizama kidogo chini ya mguu.

"Hapa," akasema. "Yeye alikuwa wa tatu kutoka huku. Nilimlaza upande. Sikumtupa, mama. Wengine nilitupa, kwa sababu nilikuwa nimechoka, lakini yeye sikumtupa."

Magdaline alipiga magoti kwa shida, akang'oa nyasi, akachota udongo kwa mikono na kuutia kwenye kiondo. Hakuharakisha. Alipomaliza alizungumza na ardhi kwa Kikuyu, maneno machache ya nyumbani, kama mama anayemwamsha mtoto ili waende zao. Alimwambia Gicheru ni nani amekuja naye. Alimwambia gari si refu, atapanda bila kusaidiwa. Kisha akasubiri. Wakonyo, ameegemea fimbo, alijikuta naye akisubiri. Upepo haukuwepo. Kwenye mwati mmoja matone yalianza kuanguka, tone baada ya tone, kutoka tawi hadi tawi, yakielekea barabarani, ingawa miti mingine ilikuwa imetulia.

"Twende," Magdaline akasema.

Waliteremka. Kona ya kwanza tairi likagusa bodi, na ile sauti ikaanza. Kingori alisimama, akashuka kuangalia. Kati ya tairi na bodi vidole vyake viwili vilipita. Nyuma kulikuwa na wanawake wawili wembamba na kiondo cha udongo. Alirudi kwenye usukani, akaondoa gari, na sauti ikaendelea, kila kona, kila bonde, mpaka Othaya na kupita Othaya. Kilima cha mwisho kabla ya Mukurweini, ambacho alikipanda kila siku na mikungu thelathini kwa gia ya pili, injini ilikata pumzi. Aliweka gia ya kwanza. Walipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na watu waliokuwa wakichuma kahawa kando ya njia waliacha kuchuma, wakasimama, na wanaume wakavua kofia bila kuambiwa na mtu.

Baadaye Wakonyo alimweleza mumewe jambo moja tu kuhusu safari ile. Alisema kwamba Magdaline alikaa upande mmoja wa bodi, yeye akakaa upande wa pili, na njia nzima, hata gari liliporuka mawe, hakuna aliyesogea katikati.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Magdaline alilichimba mwenyewe, kidogo kidogo, tangu siku alipoiona pikapu, chini ya shamba lake la kahawa, kaburi la urefu wa mtu mzima. Alimpa Kingori kiondo. Kingori alikipokea kwa mikono miwili na kushuka nacho ndani ya kaburi, akakilaza upande. Alikaa huko chini muda mrefu. Wakonyo aliwasikia majirani wakija mmoja mmoja kupitia kahawa, wakasimama mbali, kisha karibu. Mzee wa kanisa naye alikuja. Hakuna aliyemuuliza Magdaline anazika nini. Mtu mmoja alileta koleo la pili.

Usiku huo Wakonyo alilala jikoni, na wa pili pia. Siku ya tatu alirudi chumbani. Alimwambia Kingori kwamba hajamsamehe kwa kunyamaza, na kwamba angelipenda kuambiwa kabla ya kuolewa, si mbele ya mgeni. Kingori alisema ni kweli. Alitaka kujua kama gari lirudishwe kwa Peterson. Wakonyo alijibu kwamba Jumanne ana ndizi za kupeleka Karatina, na kwamba atapanda mwenyewe.

Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka, mbwa walibweka mara moja na kunyamaza. Kingori alitoka na mswaki mdomoni. Langoni kulikuwa na watu watatu, wameketi kwenye ukingo wa mfereji: wanawake wawili waliotoka mbali, viatu vimejaa tope, na mwanamume wa makamo mwenye kofia mkononi. Kila mmoja alikuwa na kiondo kitupu. Walisimama walipomwona. Hakuna aliyeuliza bei.

Yule mwanamume alitangulia. Alisema ametoka Othaya, na kwamba kaka yake aliitwa Mutahi. Alitaja mwaka. Kisha akazungusha kofia kwenye vidole.

Kingori alitoa mswaki mdomoni. Alifumba macho. Nyuma yake alisikia fimbo ya Wakonyo ikija uani, polepole, ikasimama karibu naye.

"Alikuwa na koti ya kahawia," Kingori akauliza, "imeshonwa kiwiko na uzi mwekundu?"

Mwanamume yule alitafuta mahali pa kushika, akakosa, akaketi chini palepale kwenye umande.

"Mama yetu alikuwa na uzi mwekundu tu," akasema.